Sema Jina Lako na Unapoishi

Tucson, Arizona
8 Januari

Kaka yangu Elroy,

Heri ya mwaka mpya, hata kama umeuanza bila kupokea simu yangu. Nilipiga Krismasi, nikapiga Mwaka Mpya, nikapiga hata siku ile timu yenu ilipofungwa, nikijua siku hiyo lazima utamtaka mtu wa kumlalamikia. Simu inaita mpaka inachoka. Kama si Marcella, mke wa jirani yako Gordy, kuniambia kwamba moshi unatoka kwenye bomba lako kila asubuhi, ningekuwa nimeshakutumia polisi wa Perwin.

Mimi sijambo, ila magoti yananikumbusha kila nikiamka kwamba mimi si msichana tena. Huku watu wanavaa sweta kwa baridi ambayo sisi tungeitumia kuanika nguo. Mlimau aliouacha marehemu mume wangu Ray umezaa hadi matawi yanainama, nami nimekutumia boksi moja la malimau. Usiyaache yakae tu. Kamua, weka asali, unywe.

Sasa neno lililonikalisha mezani. Marcella anasema Novemba hukuonekana kwenye ukumbi wa kata siku ya uchaguzi. Nilimwambia amekosea, labda ulikuja mapema. Akasema hakukosea. Elroy, wewe ulipiga kura ukiwa na nyonga iliyovunjika! Ulipiga kura mwaka ule theluji ilipofunika mlango wa zizi. Nimelala na jambo hilo siku kadhaa na haliniingii akilini.

Aprili mnamchagua jaji wa mahakama ya juu ya jimbo, na atakaa kitini miaka kumi. Kesi ya visima vilivyochafuliwa na samadi ya mashamba makubwa inapanda huko huko kwake. Wewe unanunua maji ya kunywa dukani katika shamba ambalo baba alichimba kisima kwa mikono yake. Nataka uende. Niandikie uniambie utaenda.

Dada yako,
Germaine


Perwin, Wisconsin
27 Januari

Dada Germaine,

Niko hai. Moshi ni wangu, na mwambie Marcella asinihesabie magogo.

Malimau yalifika. Tarishi aliyaacha kwenye sanduku la barabarani na usiku ule baridi ikashuka kweli kweli, asubuhi nikayakuta yamekuwa mawe, ungeweza kumvunja mtu kichwa kwa moja. Nikayapanga dirishani. Yalipoyeyuka jiko zima likanukia kama kwako, nikakaa humo mpaka mchana bila kazi yoyote.

Gordy hajambo, nyonga haijambo, paka mmoja amekufa na wengine wawili wamezaliwa. Kanisani padri ni mpya na anahubiri haraka, tunampenda.

Simu haikuharibika. Niliichomoa ukutani mwenyewe tangu Oktoba. Kutwa ilikuwa inaita: "Bwana Massart, tunaweza kuitegemea kura yako?" Siku moja msichana mmoja akamtaka Verna. Nikamwambia hayupo. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, atarudi saa ngapi. Hapo ndipo nilipochomoa waya.

Kuhusu majaji wako. Jaji anayeomba kura ni refa anayezunguka uwanjani kabla ya mchezo akiwapa mashabiki mikono. Akishapuliza filimbi utajuaje kapulizia nini? Mimi sitaki kushiriki. Kisima ni kibovu na kitabaki kibovu, awe fulani awe fulani. Maji ya dukani yana ladha ya chupa, lakini kahawa inaificha.

Chumba cha juu nimekiacha mlango wazi ili joto lipande. Si kwamba kuna anayekuja. Unakuja lini?

Elroy


Tucson
6 Februari

Kaka Elroy,

Nilisoma habari ya yule msichana wa simu nikaiweka barua chini, nikatoka nje, nikasimama chini ya mlimau. Marehemu wifi yangu Verna angemjibu vizuri yule binti. Angemwambia, "Nitachelewa kidogo, wewe endelea na kazi." Namsikia kabisa akisema hivyo.

Mimi sijambo. Jirani yangu mpya ana mbwa anayebweka kwa Kihispania. Leo nimepika supu ya buya, kuku na mfupa wa ng'ombe sufuria moja kama ile ya kanisani, nikakuta nimepika ya watu arobaini. Nimekula siku nne.

Haya, refa wako. Umesema kweli na sitakupinga. Ila jimbo letu, au lenu, sijui niandikeje sasa, liliamua zamani sana kwamba refa huyu atachaguliwa na watu. Atachaguliwa tu, Elroy, ukiwa kitandani au ukiwa ukumbini. Huku kwetu gavana huwateua majaji, kisha sisi tunaletewa jina tuseme abaki au aondoke. Ninyi mnaulizwa tangu mlangoni, na wewe unataka kujifanya huna mdomo.

Majaji ni saba. Sita wakigawanyika watatu kwa watatu, huyu wa Aprili ndiye atakayelaza mizani. Na kesi yenyewe si ngumu kama matangazo ya televisheni yanavyoifanya. Ofisi ya mazingira ya jimbo ilitaka kuyawekea mashamba makubwa kipimo cha samadi yanayomwaga. Wenye mashamba wakasema ofisi haina mamlaka hayo. Basi. Mahakama itasema nani ana mamlaka, na baada yake hakuna pa kukata rufaa, labda mbinguni.

Usiyasikilize yale matangazo. Kila mmoja anadai mwenzake aliwafungulia majambazi gereza. Kuna Jaji Haldorsen na kuna Jaji Brisbois. Mwangalie kila mmoja amewahi kuamua nini, ameandika nini, na akiulizwa jambo zito anajibu au anatabasamu. Marcella anasema watahojiwa redioni mwisho wa mwezi. Sikuambii nampenda yupi, maana nakujua: nikisema huyu, utamchagua yule kwa ukaidi tu.

Kama chumba cha juu umekiachia mlango, basi funga madirisha yake, unapoteza kuni.

Germaine


Perwin
2 Machi

Dada,

Umekawia kupata jibu kwa sababu miti ya sukari imeanza kutoa utomvu mapema mwaka huu na nimekuwa bandani nikiuchemsha mpaka uwe mzito kama asali. Mgongo unauma, lakini harufu yake unaijua. Nimekuwekea chupa mbili. Hazisafirishiki. Zitakungoja hapa.

Redio ilikuwa bandani, kwa hiyo nimewasikiliza majaji wako nikikoroga. Haldorsen alisema atafuata sheria. Brisbois naye akasema atafuata sheria. Nikajiambia, wote wanaifuata, kumbe sheria yenyewe inakimbilia wapi?

Kisha mtangazaji akawabana kwenye visima. Mmoja akasema ofisi iliyopewa kazi ya kulinda maji inayo haki ya kuyalinda, hata kama bunge halikulitaja neno samadi. Mwingine akasema ofisi isijitungie sheria. Bunge ndilo limechaguliwa, kama halikusema, basi halikusema. Wa kwanza alisema kilichomo kisimani mwangu. Wa pili alisema kilichokuwa moyoni mwa baba, na wewe unakumbuka baba alivyowachukia watu wa ofisi.

Niliacha kukoroga. Sufuria ikaungua chini.

Halafu kuna hili. Yule kijana anayeendesha lori la samadi la shamba kubwa ni Dennis, mtoto wa Gordy. Ana mke na watoto wawili. Gordy ndiye aliyenichimbia njia kwenye theluji mwezi mzima baada ya mazishi ya Verna, bila kuombwa, bila kubisha hodi. Nikipigia kura maji yangu, si napiga kura dhidi ya mkate wa mwanawe? Gordy atapiga upande wake, mimi upande wangu, kura zitauana, na tutakuwa tumetia petroli kwenye magari bure. Nitakaa nyumbani.

Swali langu la mwisho la Januari umeliruka. Nililiandika kwa maandishi makubwa.

Elroy


Tucson
9 Machi

Kaka Elroy,

Pole kwa mgongo na kwa sufuria. Mimi nilikuwa na mafua, yamekwisha. Mwanangu Colette kanitembelea siku mbili na kunipangia kabati upya, sasa sioni kitu changu hata kimoja.

Umenifurahisha na umeniudhi katika karatasi moja. Umewasikiliza vizuri kuliko watu wengi wanaojigamba kuwa wameamua. Kusitasita si aibu. Aliyesikia pande zote mbili akaona uzito wa zote ndiye hasa anayefaa kupiga kura, maana wengine tutapiga kwa mazoea. Lakini usinidanganye kwamba kura zitauana. Gordy ataipiga yake. Asiyekuwepo na lake halipo. Mkate wa Dennis utakuwa na mtu wa kuusemea ukumbini, na kisima cha baba hakitakuwa na mtu. Na ukifika pale ukaamua kuusemea mkate, sawa pia! Angalau utakuwa umeamua wewe.

Wala sidhani Gordy ndiye sababu. Umeishi na Gordy miaka yote hiyo mkipingana, na kila Ijumaa mnakula samaki meza moja. Novemba hapakuwa na kesi ya kisima wala Dennis, na hukwenda. Kuna kitu hukisemi. Sikulazimishi.

Kama ni ukumbi wenyewe unakusumbua, basi piga kwa posta. Karani wa kata atakutumia karatasi, utajaza jikoni, utatia kwenye bahasha, kwisha. Huku sote tunafanya hivyo. Ulifanya hivyo mwaka wa nyonga.

Germaine


Perwin
21 Machi

Germaine,

Barafu ziwani imevunjika. Hakuna habari nyingine za familia, familia ni mimi na paka.

Nilifanya ulivyosema. Karani akaniletea bahasha. Nikakaa mezani, nikaisoma nje na ndani. Inataka sahihi ya shahidi. Mtu mzima aseme nimemwona huyu akijaza kura yake, na aandike anakoishi. Nilikuwa nimesahau. Mwaka wa nyonga aliyetia sahihi ni Verna. Alikaa ng'ambo ya meza akaniangalia kwa miwani ile ya kusomea, akasema, "Nashuhudia kwamba mtu huyu ananung'unika."

Shahidi wangu yuko makaburini nyuma ya kanisa. Ningeweza kumwita Gordy, lakini Gordy angeniona nikilia, na sisi hatujaanza mambo hayo.

Umesema hunilazimishi. Basi nitasema mwenyewe, halafu tusilirudie.

Unajua Verna alikaa na daftari la wapiga kura pale mlangoni miaka yote. Sheria ni kwamba kila anayeingia aseme jina lake na anapoishi, kwa sauti, hata kama mnafahamiana tangu ubatizo. Wasimamizi wengine hupitisha tu. Verna hakumpitisha mtu. Mimi asubuhi nimekunywa kahawa aliyoipika, nimepanda gari moja naye, nimemshikia mlango aingie na ile pai yake ya plamu, halafu ananitazama usoni kama hajawahi kuniona: "Jina?"

"Elroy Massart."

"Unaishi wapi, bwana?"

"Naishi kwa Verna."

"Nimekuuliza anwani, bwana, sikukuuliza shida zako."

Kila uchaguzi. Watu walikuwa wanasimama kando wangojee tuyamalize ndipo waende kazini. Nami baadaye ndipo nasema vizuri, 628 Barabara ya Kinu, naye ananiandikia namba yangu ya mpiga kura bila hata kutabasamu, ila goti lake linagonga langu chini ya meza.

Novemba nilivaa koti. Nikafika hadi kwenye maegesho. Nikaona kupitia dirishani kwamba kiti chake kina mtu. Nikarudi.

Sijui kama ninaishi mahali, Germaine. Ndilo jambo lenyewe. Nikiulizwa unaishi wapi, sijui mdomo wangu utasema nini mbele ya watu.

Basi. Tusilirudie.

Elroy


Tucson
26 Machi

Kaka yangu,

Sina salamu nyingi leo, nataka barua hii iwahi posta ya saa sita.

Asante kwa kuniambia. Nimelia, na sioni aibu kukuandikia hivyo, mmoja wetu lazima aanze.

Umeniuliza mara mbili nakuja lini nami nimekwepa mara mbili. Nitakujibu nusu. Nilipoondoka baada ya mazishi sikugeuka nyuma uwanja wa ndege, nawe labda uliona nina moyo mgumu. Ningegeuka, nisingepanda ndege. Huku nina nyumba nzuri na jua la bure. Nilimfuata Ray kwa ajili ya mapafu yake, Ray akafa, nami nikabaki kama mzigo ambao mwenyewe hakuja kuuchukua. Kura yangu naijaza jikoni, naitia sandukuni. Miaka kumi na minne, Elroy, hakuna mtu aliyeniuliza naitwa nani na ninaishi wapi. Ukiniuliza nani kati yetu amepoteza kitu kwa kura za bahasha, nitakwambia ni mimi.

Wewe bado una mlango ambao watu wanangoja ujitaje. Sitakuambia tena habari za samadi wala za majaji saba. Umeshayasikia na kichwa chako ni kizima. Naomba tu uende ukaulizwe. Mdomo ukisema upuuzi, useme. Wale ni watu wako, walishausikia upuuzi wako.

Nakupenda. Hilo nalo hatukuanza, basi tumeanza.

Germaine


Perwin
9 Aprili

Dada Germaine,

Niko mzima, paka wako wazima, theluji imebaki kivulini tu nyuma ya zizi.

Barua yako ilifika Jumamosi. Jumatatu nilinyoa. Jumanne nikavaa koti, nikafika maegesho, nikakaa ndani ya gari mpaka kioo kikajaa ukungu. Gordy akaja akagonga dirisha. "Unataga mayai humo?" akasema. "Shuka, kahawa inapoa." Nikashuka. Akatembea kando yangu upande wa nyonga mbovu.

Kwenye kiti cha Verna amekaa Krystal, mke wa Dennis. Ndiyo, Dennis wa lori. Aliniona, akawa mwekundu, akakimbiza kidole kwenye daftari. "Mzee Elroy, nakufahamu bwana, tia tu sahihi hapa."

Sijui nini kilinipata. Nikasema, "Hapana. Niulize."

"Nikuulize?"

"Niulize kama inavyotakiwa. Yule aliyekuwa hapo hakumpitisha mtu."

Kuna watu walikuwa wanakula pai, wakaacha kutafuna. Krystal akaweka kalamu chini, akajinyoosha, akanitazama kama hajawahi kuniona. "Jina?"

"Elroy Massart."

"Unaishi wapi, bwana?"

Germaine, nilikuwa nimejifunza namba yangu njia nzima. Sita mbili nane, sita mbili nane. Nikafungua mdomo nikasema, "Naishi kwa Verna."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia friji ya ukumbini ikinguruma. Nikafikiri, sasa nitaondoka na sitarudi tena hapa maisha yangu. Lakini yule binti, macho yamejaa machozi mpaka yanamwagika, hakuyafuta, akasema kwa sauti ile ile kavu: "Nimekuuliza anwani, bwana, sikukuuliza shida zako."

Kumbe alikaa kando ya Verna chaguzi mbili akijifunza kazi. Alijifunza yote.

Basi watu wakacheka, Gordy akacheka mpaka akakohoa, mimi nikasema sita mbili nane Barabara ya Kinu, na akaniandikia namba yangu. Nikaingia kwenye kibanda na karatasi. Nilisimama humo muda mrefu. Nilimfikiria baba, nikamfikiria Dennis, nikafikiria maji yanayotoka bombani rangi ya chai. Nikajaza. Nimemchagua nani sikuambii, nakujua, utaniandikia kurasa sita. Nilipotoka Gordy hakuniuliza, nami sikumuuliza, tukala pai. Matokeo umeyasikia huko. Visima vitaamuliwa na walio hai, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Simu nimeichomeka. Inafanya kazi. Siulizi tena unakuja lini, ila nimefunga madirisha ya chumba cha juu kama ulivyoagiza, na kuna joto.

Nami pia. Lile la mwisho wa barua yako.

Elroy


Tucson
19 Aprili

Kaka Elroy,

Ningeweza kupiga simu, lakini hili nataka uwe nalo kwenye karatasi ili usije ukasema hukusikia vizuri.

Barua yako nimemsomea Colette, nimemsomea jirani, nimemsomea hata mbwa. Kisha nikasimama jikoni peke yangu nikajiuliza kwa sauti, "Jina?" Nikajibu vizuri. "Unaishi wapi, mama?" Nikaanza kutaja namba ya hapa, nikaiacha katikati.

Kwa hiyo nimempigia karani wenu wa kata. Mtu mzuri, anaongea polepole. Nikamuuliza mtu akihamia Perwin anakuwa mpiga kura baada ya muda gani. Akasema siku ishirini na nane. Nikamwambia, mimi nahamia Juni, nina nafasi ya kutosha. Akauliza mbona nina haraka hivyo na uchaguzi ni Novemba. Nikamwambia kuna mahali nataka kuulizwa.

Nyumba Colette anaishughulikia. Mlimau hausafiri, nitauacha kwa mwenye mbwa. Chupa zangu mbili za miti ya sukari usizifungue. Kisima tutakipima upya mimi na wewe, na mwenye hasira zaidi ndiye atakayemwandikia mbunge.

Na umwandae Krystal. Mwambie Novemba atakuja bibi mmoja mwenye magoti mabovu na pai ya plamu mkononi. Akimuuliza jina, atasema Germaine Kessler, mzaliwa wa ukoo wa Massart. Na akimuuliza anaishi wapi, atasema, kwa sauti, ukumbi wote usikie: "Naishi kwa Elroy."

Dada yako,
Germaine